Usiuze mtaji kwa cheti cha kutunza wazee Marekani kabla ya kuuliza haya

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kikanda

Namanga. Magunia 15 ya mchele wa Magugu yalikuwa yameshapangwa kwenye gari na karatasi zake zilikuwa tayari. Mwenye mzigo, mama wa miaka hamsini na kidogo anayefanya biashara kati ya Arusha na Kajiado, hakuonekana kuwa na haraka ya kuvuka. Alikaa kwenye benchi la mama ntilie upande wa Tanzania, chai ikipoa mbele yake, akisoma kwa mara ya tatu ujumbe uleule kwenye simu.

Ujumbe ulitoka kwa wakala. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, amepata nafasi katika kozi ya wiki sita ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Cheti chake, ujumbe unasema, kinatambulika Marekani. Baada ya cheti ni viza, na baada ya viza ni kazi katika jimbo la Washington, ambako mdogo wake mama huyu anaishi na kufanya kazi hiyohiyo. Malipo yafanyike kabla ya Ijumaa. Kiasi kinachotakiwa kinakaribia kuwa sawa na thamani ya mzigo wote uliokuwa kwenye gari.

“Mwanangu, wewe umesoma,” aliniambia huku akinisogezea simu. “Hebu niambie, huu ni mlango au ni ukuta uliochorwa mlango?”

Aliomba jina lake lisiandikwe kwa sababu mazungumzo na wakala hayajaisha. Mimi nami sikuwa na jibu la papo hapo. Swali lake ndilo lililonifanya nitafute masharti halisi ya kazi hii, kwa sababu si yeye peke yake anayeulizwa fedha. Katika mipaka yetu, kuanzia Namanga hadi Busia, Mutukula na Rusumo, mtaji wa mfanyabiashara mdogo ndio akiba yake, bima yake na ada ya watoto wake. Ukiondoka kwa ahadi isiyo na kichwa wala miguu, haurudi kwa msimu mmoja.

KAZI YENYEWE NI IPI

Tuanze na kazi, maana wengi huichanganya na nyingine mbili. Mhudumu wa majumbani si muuguzi, na si mfanyakazi wa ndani. Kazi yake ni kumsaidia mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu aishi nyumbani kwake badala ya kupelekwa kwenye makao ya wazee. Anamwogesha, anamvalisha, anamsaidia kwenda chooni, anamwandalia chakula, anamkumbusha dawa, anamtoa kitandani na kumkalisha kitini bila kumwangusha na bila kujivunja mgongo.

Mdogo wake mama wa Namanga, niliyezungumza naye kwa simu usiku wa kwetu, kwao ikiwa asubuhi, anaishi kusini mwa Seattle. Alikwenda huko kwa njia ya ndoa, akapata ukaazi wa kudumu, ndipo akaanza kazi. Anamhudumia bibi wa zaidi ya miaka 80 aliyepooza upande mmoja.

“Watu wa nyumbani wanadhani ni kukaa na mzee na kutazama televisheni,” alisema. “Kuna siku natoka pale mikono inatetemeka. Na kila nilichofanya lazima nikiandike: amekula nini, amekunywa kiasi gani, ngozi ikoje. Ukiona kidonda kinaanza na hujasema, hilo ni kosa lako.”

Nilimuuliza alilipa kiasi gani kusomea kazi hiyo. Akacheka. Hakulipa. Alilipwa.

SHARTI LA KWANZA SI CHETI

Hapo ndipo hesabu ya wakala inapoanza kuyumba. Sharti la kwanza la kazi hii Marekani, kabla ya mafunzo ya aina yoyote, ni haki ya kufanya kazi nchini humo. Mwajiri anatakiwa na sheria kuthibitisha haki hiyo kwa kila anayemwajiri. Mwenye uraia anayo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi huiita grini kadi, anayo. Mkimbizi aliyepokewa rasmi anayo. Wapo pia wenye kibali maalumu cha kazi, kama waombaji wa hifadhi waliotimiza muda uliowekwa.

Cheti cha kozi hakimo katika orodha hiyo. Marekani haina viza iliyotengwa kwa ajili ya wahudumu wa majumbani. Ipo njia ya mwajiri kumdhamini mfanyakazi asiye na taaluma ya juu ili apate ukaazi wa kudumu, lakini foleni yake huchukua miaka, na inaanza na mwajiri wa kule kuwasilisha maombi serikalini. Haianzi na binti wa Arusha kulipia kozi.

Wenzetu wengi wanaofanya kazi hii kule walifika kwa milango mingine: ndoa na familia, bahati nasibu ya viza, au mpango wa wakimbizi. Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani walipitia kambi za ukanda huu, ikiwamo Nyarugusu mkoani Kigoma, kabla ya kupokewa kule. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya cheti cha kutunza wazee. Walifika kwanza, kazi ikafuata.

Na milango hiyo hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya serikali. Januari 2025, rais wa Marekani alisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Kuanzia 9 Juni mwaka huohuo, raia wa nchi kadhaa waliwekewa vikwazo vya kuingia, na miongoni mwao wakati huo walikuwamo wanachama wawili wa Jumuiya yetu: Somalia kwa ujumla wake, na Burundi kwa aina kadhaa za viza. Wakala anayekuambia njia ni nyeupe bila kuuliza kwanza pasipoti yako ni ya nchi gani hajakuambia kitu.

SAA 75 ZINAVYOKWENDA

Sasa tuseme mtu ana haki ya kufanya kazi na yuko katika jimbo la Washington. Nimechagua jimbo hili kwa sababu ndilo linalotajwa kwenye ujumbe wa wakala, na kwa sababu masharti yake ni miongoni mwa yaliyo wazi zaidi nchini humo. Wapiga kura wa jimbo hilo waliyapitisha Novemba 2011, na yakaanza kutumika Januari 2012.

Awe ametimiza miaka 18. Kisha huajiriwa, ama na kampuni ya huduma za majumbani au kupitia mpango wa jimbo unaowalipia wazee wasio na uwezo. Wapo wanaoanza kwa kusoma kabla ya kuajiriwa, lakini njia ya kawaida ni kuajiriwa kwanza, na siku ya kuajiriwa ndiyo inayofungua saa.

Hufanyiwa uchunguzi wa kumbukumbu za jinai, pamoja na alama za vidole zinazopelekwa hadi kwa polisi wa upelelezi wa taifa, FBI. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa wizi, ukatili au unyanyasaji anaweza kuzuiwa moja kwa moja, kwa kuwa anayehudumiwa ni mtu asiyeweza kujitetea akiwa nyumbani kwake.

Kabla ya kumgusa mteja hata mara moja, hupata saa mbili za utambulisho wa kazi na saa tatu za usalama. Hizo ni tano. Zinazobaki ni saa 70 za mafunzo ya msingi, ambazo anatakiwa kuzimaliza ndani ya siku 120 tangu aajiriwe. Jumla ni saa 75. Ndani ya siku 14 tangu kuajiriwa anapeleka maombi ya cheti katika Idara ya Afya ya jimbo.

Akimaliza saa zake hufanya mtihani wa sehemu mbili, maarifa na vitendo. Kwenye vitendo husimama mbele ya mpimaji na kuonyesha kazi anazopangiwa: kumsaidia mtu kutembea, kumgeuza kitandani, kumsafisha kinywa, kumhamisha kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu. Mtu anaweza kuanguka kwa kusahau kunawa mikono, kutofunga breki za kiti au kumwacha mteja bila stara. Mtihani hutolewa kwa lugha kadhaa, si Kiingereza pekee.

Cheti kinatakiwa kupatikana ndani ya siku 200 tangu kuajiriwa. Asiyekijua Kiingereza vizuri anaweza kuomba cheti cha muda na kuongezewa siku 60. Baada ya hapo, kila mwaka anasoma saa 12 za ziada ili cheti kisife.

Na gharama je? Hili ndilo lililomchekesha dada wa Seattle. Wahudumu walio chini ya mfuko wa mafunzo wa chama cha wafanyakazi cha SEIU 775 husoma saa hizo bila kulipa ada, na hulipwa kwa muda wanaokaa darasani. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo hilo mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66 kwa saa. Kinasikika kikubwa hapa Namanga, na kule kodi ya nyumba inakimeza, lakini kwa swali letu la leo jambo moja linatosha: kule mwajiri anamlipa mwanafunzi. Hapa mwanafunzi ameombwa kuuza mchele.

CHETI CHA HUKU KINAHESABIKA?

Saa zinazohesabiwa Washington ni za mtaala ulioidhinishwa na Idara ya Huduma za Jamii na Afya ya jimbo hilo, zinazofundishwa na mkufunzi aliyeidhinishwa na idara hiyohiyo. Kozi ya Arusha, Nairobi au Kampala isiyo na idhini hiyo haipunguzi hata saa moja kati ya zile 75. Binti akifika kule na cheti chake cha wiki sita ataanza darasa moja na mwenzake ambaye hajawahi kukanyaga darasa la uhudumu.

Wapo wasiohitaji saa hizo, kama wauguzi na wasaidizi wa wauguzi wenye leseni hai ya jimbo lenyewe. Neno la kushika ni “ya jimbo lenyewe”. Muuguzi aliyesomea kwetu naye ana safari yake ndefu ya kupata leseni kule, na hiyo ni makala nyingine.

Nilipomweleza hili mama wa Namanga, hakushangaa kama nilivyotarajia. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi ya mzigo.

“Mimi nikifika dirishani bila cheti cha uasili, forodha hawaniulizi kama mchele wangu ni mtamu,” alisema. “Wananiuliza karatasi. Na karatasi ya mwaka jana haifai, na karatasi ya bidhaa nyingine haifai. Kumbe na watu ni hivyohivyo.”

Wasomaji wetu mnaijua karatasi hiyo. Ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kina nguvu kwa sababu nchi zetu zimekubaliana kukiheshimu. Ukikipeleka bandari ya Seattle ni karatasi tu. Cheti cha mafunzo nacho kina nguvu pale tu ambapo anayekipokea amekubali kukitambua.

KILA JIMBO NA MPAKA WAKE

Ugumu hauishii hapo. Maneno “kinatambulika Marekani” yenyewe hayana maana kamili, kwa kuwa kwa kazi hii Marekani haina sharti moja la nchi nzima. Serikali kuu inaweka kiwango kwa wahudumu wa afya wa majumbani walio chini ya kampuni zinazolipwa na Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Kiwango hicho ni angalau saa 75, zikiwamo 16 za vitendo chini ya msimamizi, na saa 12 za kujiendeleza kila mwaka. Aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo hutakiwa kuanza upya.

Nje ya hapo kila jimbo lina lake. New York inawatofautisha mhudumu wa afya wa nyumbani, anayehitaji saa 75, na mhudumu wa kawaida, anayehitaji 40. California inamtaka mhudumu wa kampuni binafsi ajisajili na jimbo, achunguzwe alama za vidole na kupimwa kifua kikuu, lakini mafunzo yake ya kuanzia ni saa tano tu. Tano California, 75 Washington. Ni cheti kipi cha wiki sita kinachotambulika kote huko?

Dada wa Seattle ana rafiki aliyehama Washington kwenda jimbo jingine akidhani cheti chake kitahama naye. Alijikuta anaanza na dirisha la maulizo, kama dereva aliyevuka mpaka na bima ya upande mmoja.

NA UINGEREZA JE?

Baadhi ya mawakala, ukiwabana kuhusu Marekani, hugeuza kauli na kutaja Uingereza. Kwa muda ilikuwa kweli. Februari 2022 nchi hiyo iliwafungulia wahudumu wa wazee kutoka nje njia ya viza ya kazi, kwa udhamini wa mwajiri. Watu wa ukanda huu waliipita, na wapo wanaofanya kazi kule hadi leo.

Kisha mlango ukaanza kufungwa. Kuanzia 11 Machi 2024 mhudumu mpya hakuruhusiwa tena kwenda na mwenza wala watoto. Kuanzia 22 Julai 2025 waajiri walizuiwa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ya nchi kwa njia hiyo. Waliokuwa tayari ndani kwa viza nyingine waliachiwa muda wa mpito, kwa masharti. Kwa binti aliyeko Arusha leo, anayeahidiwa viza ya kutunza wazee Uingereza anauziwa bidhaa iliyoondolewa sokoni.

JUMUIYA YETU IKO WAPI

Ni rahisi kuwalaumu wa mbali. Lakini hata sisi kwa sisi hatujakamilisha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inaahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Ili sifa za mtu zitambuliwe upande wa pili, nchi wanachama zilitakiwa kuingia makubaliano ya kutambuana, taaluma kwa taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo waliyapata yao. Mhudumu wa majumbani hayumo.

Maana yake ni kwamba hata binti huyu akitaka kuwahudumia wazee Nairobi badala ya Seattle, cheti chake cha Arusha kitategemea huruma ya mwajiri. Na kazi hiyo ipo. Miji yetu ina wazee waliopata kiharusi ambao watoto wao wako kazini mchana kutwa. Wanaotunzwa hutunzwa na mabinti wa kazi wasiofundishwa hata namna ya kumgeuza mgonjwa. Pengine hili ndilo soko ambalo mawaziri wetu wangepaswa kulitazama kabla hatujalilia la mbali.

Hii haina maana kwamba kila kozi ni utapeli. Ziko za kweli, zinazofundisha kazi ya kweli, na mtu akizisoma kwa bei ya haki anapata ujuzi unaomfaa hapahapa, na hata akija kufika ughaibuni kwa njia nyingine hataanza kwa woga. Kinachokosewa ni kuuza ujuzi huo kwa bei ya viza.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Kwa mfanyabiashara aliyezoea kukagua mzigo kabla ya kuulipia, haya ndiyo ya kuuliza.

Kwanza, ni viza ya aina gani? Wakala ataje jina lake, na aonyeshe mwombaji wa kawaida anaipataje. Jibu la “hiyo tuachie sisi” si jibu.

Pili, mwajiri ni nani, na yuko jimbo gani? Mwajiri wa kweli ana jina, anwani na usajili unaoweza kuhakikiwa na ndugu aliyeko kule kwa simu moja. Kama una ndugu kule, mtume kabla hujatuma fedha.

Tatu, nani kule amekiidhinisha cheti hiki? Muulize ni idara gani ya jimbo gani, na akuonyeshe jina la chuo kwenye orodha ya idara hiyo.

Nne, chuo chenyewe kimesajiliwa huku? Tanzania vyuo vya ufundi na mafunzo husajiliwa na NACTVET. Kenya, na TVETA. Chuo kisichotambulika nyumbani hakiwezi kutambulika ugenini.

Tano, wakala ana leseni? Kenya leseni za mawakala wa ajira husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Uganda ni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, yenye mfumo wake wa kuhakiki kampuni mtandaoni. Tanzania kuna TaESA, ambako mtu anaweza kuulizia kabla hajatoa shilingi.

Sita, fedha zinarudi kwa masharti gani? Yawe yameandikwa na kutiwa saini, na risiti iwe na jina la kampuni, isiwe namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiambiwa mwisho ni Ijumaa, jiulize kwa nini. Bidhaa nzuri haiogopi Jumatatu.

BINTI ANASEMAJE

Sikutaka kuondoka bila kumsikia mwenye safari. Nilimkuta upande wa pili wa barabara akihesabu mifuko mitupu. Ana miaka 20, sauti ya chini, na hakufurahishwa na maswali yangu.

“Mama anaogopa tu,” alisema. “Lakini mimi kazi hii naijua. Bibi alipopata kiharusi ni mimi niliyemtunza. Miaka miwili. Nilikuwa namgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku naweka simu iniamshe. Hakupata kidonda hata kimoja. Daktari mwenyewe aliuliza, huyu nani anamtunza?”

Nilipomrudia mama yake na maneno hayo alikaa kimya. Bibi huyo alikuwa mama mkwe wake. “Ni kweli,” alisema hatimaye. “Mimi nilikuwa njiani na mizigo. Yeye ndiye aliyebaki.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ujumbe ule ulisomwa mara tatu. Deni la mama kwa binti yake lilikuwa ndani yake. Wakala hakuhitaji kusema uongo mwingi, maana ukweli wenyewe ulikuwa umeshamfanyia kazi: binti anaweza, kazi ipo, na mama mdogo yuko kule. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, na ndiyo hiyo ambayo hakuna kozi inayoitoa.

Tulikaa tukayaandika maswali sita nyuma ya karatasi ya zamani ya mzigo. Mama akampa binti ayaandike kwenye simu na kumtumia wakala yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa kuwa safari ni yake. Binti alisita, kisha akaandika. Alama mbili za kuonyesha ujumbe umefika zikaonekana, zikabadilika rangi. Umesomwa.

Chai ikaletwa nyingine. Jibu halikuja.

Saa nane na nusu gari la mchele lilisogea kwenye foleni ya kituo cha pamoja cha forodha, mama akiwa mbele na dereva, binti nyuma juu ya magunia, simu bado mkononi. Jumatatu iliyofuata nilimpigia mama. Mchele alikuwa ameuza Kajiado, faida ya kawaida. Ijumaa ilikuwa imepita. Wakala alikuwa amejibu swali moja kati ya sita, lile la mwisho: fedha hazirudi.

“Basi nimemwambia mwenzake wa Seattle aendelee kutuulizia njia za halali,” alisema. “Na huyu binti nimemtafutia mzee mmoja hapa Arusha, watoto wake wako Dodoma. Wanamlipa kwa mwezi. Si dola, lakini ni kazi yake anayoijua.”

Nikamuuliza binti amelipokeaje.

“Amenuna,” alisema mama. “Lakini jana kaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mzee anapenda kuogeshwa mapema.”